Maswali ya wasomaji: .22 inatawanya risasi, kosa liko kwenye kitako?

Barua za mwezi huu zimegusa karibu jambo moja: bunduki ndogo ya .22 ambayo pini yake hupiga ukingo wa ganda, na jinsi ya kuifanya ipige mahali pamoja kwa kurekebisha kitako. Hapa "kitako" ni mbao yote, au plastiki yote, inayobeba chuma kuanzia begani hadi chini ya mtutu. Kabla ya kazi yoyote iliyotajwa chini, toa magazini, toa bolti (chuma kinachosukuma risasi ndani na kufunga nyuma ya mtutu), na chemba, pale risasi inapokaa, ikaguliwe kwa jicho na kwa kidole.

Nina .22 ya bolti yenye kitako cha mbao na skrubu mbili. Kwa mita 50 kuna siku risasi tano zinafunikwa na sarafu ya shilingi kumi, kuna siku zinatawanyika sentimita nne. Nimeshauriwa nichonge mfereji ili mtutu usiguse mbao. Nianzie wapi? (Msomaji, Nakuru)

Weka msasa chini kwanza. Mbao ikishachongwa hairudi, na huenda kosa haliko huko. Kitako hakiiongezei bunduki usahihi wowote. Kazi yake ni kushika chuma vilevile, risasi ya kwanza hadi ya hamsini. Bunduki inayopiga vizuri leo na vibaya wiki ijayo inakueleza kwamba mtutu ni mzima, ila kuna kitu kinachohama.

Pata kipimo cha kuanzia. Tumia risasi za aina moja, zenye namba moja ya toleo kwenye boksi. Ukibadili aina, piga kwanza 15 hadi 20 za kuuzoesha mtutu, maana kila kiwanda kina nta yake inayopakwa kwenye risasi. Egemeza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, piga makundi matano ya risasi tano tano, pima kila kundi kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu lililo mbali zaidi, kisha tafuta wastani. Kundi moja zuri halithibitishi kitu. Kila mpiga shabaha analo moja kwenye pochi.

Sasa skrubu. Zifungue zote mbili, futa mafuta kwenye nyuzi zake, simamisha bunduki kwa kitako ili risiva (sehemu ya chuma inayobeba bolti na kushika mtutu) ijikalie nyuma kwa uzito wake, na uzikaze kwa vidole mpaka ziguse. Malizia kwa spana ya torki, inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm: ya mbele Nm 1.7, kisha ya nyuma Nm 1.7. Piga makundi yako. Panda Nm 0.3 kila mara hadi Nm 2.8, ukiandika kila hatua. Kijitabu cha kiwanda kikitaja namba, fuata hiyo. Mbao isiyo na bomba za chuma ndani ya matundu ya skrubu usiivushe hapo: nyuzi za mti hupondeka, na skrubu uliyoikaza Jumamosi hulegea yenyewe kabla ya Jumamosi nyingine. Kwa kawaida utakuta eneo fulani ambapo makundi yanabana. Kaa katikati ya eneo hilo, si ukingoni.

Baada ya hapo fanya jaribio la kidole. Bunduki ikiwa wima, weka ncha ya kidole pale mbao inapoishia chini ya mtutu, nusu ya kidole ikigusa chuma na nusu mbao. Mwenzako alegeze na kukaza skrubu ya mbele. Ukihisi mtutu unainuka na kushuka, basi chuma kinalala juu ya kilima na skrubu inakikunja. Fundi mwenye saa ya kupimia (kipimo cha mshale kinachosoma sehemu za milimita) atakuambia kwa namba: zaidi ya mm 0.05 ni tatizo. Hapo dawa ni kitanda cha epoksi, yaani tabaka la gundi ngumu chini ya chuma, tunachokieleza hapa chini, wala si kuchonga mfereji.

Mwisho kabisa ndipo mfereji. Kunja noti mara moja, ipitishe chini ya mtutu kutoka mbele kuelekea risiva. Ikigota upande mmoja tu, mtutu unasukumwa upande wa pili, nao hausukumwi sawa kila siku. Zungushia msasa namba 120 kwenye kipande cha bomba, ondoa kidogo kidogo hadi upate nafasi ya mm 1 hadi 1.5 pande zote. Lakini kama kiwanda kimeacha vituta viwili vinavyofanana kwenye ncha ya mbele ya mfereji, usivifute kabla ya kujaribu. Mitutu myembamba ya .22 mara nyingi hupenda kuegemezwa hapo. Ukishavifuta ukajuta, vipande viwili vya kadi ngumu chini ya mtutu vitakuonyesha kama ulikosea.

Kwetu pwani bunduki ikipigwa vizuri wakati wa kaskazi, ukija msimu wa mvua shabaha imehama. Darubini imekazwa vizuri. Ni mbao? (Msomaji, Mombasa)

Karibu hakika ni mbao. Hunywa unyevu na kutanuka kwa upana wake kuliko urefu, kwa hiyo kuta za mfereji zinasogea kuelekea mtutu. Toa chuma utazame ndani: nje kumepakwa vanishi inang'aa, ndani ya mfereji na chini ya bamba la bega mbao iko uchi. Viwanda vingi huacha hivyo.

Kausha kitako ndani ya nyumba wiki mbili, mbali na jua na jiko. Paka vanishi ya poliurethani iliyozimuliwa, sehemu moja ya tina kwa moja ya vanishi, iingie ndani. Kesho yake paka mbili nzito kidogo, ukipitisha msasa namba 320 katikati. Usisahau matundu ya skrubu na mbao iliyo chini ya bamba la bega, ambako nyuzi zimekatwa kichwa na hunyonya maji kama mrija. Usipake pale risiva inapokalia kama unakusudia kuweka epoksi. Epoksi hushika mbao kavu, haishiki vanishi. Ukimaliza pitisha noti tena, maana vanishi nayo ina unene.

Hicho kitanda cha epoksi kinafanywaje nyumbani bila kuigandisha bunduki milele? (Msomaji, Arusha)

Swali la pili ni muhimu kuliko la kwanza.

Utahitaji epoksi yenye unga wa chuma, ile inayokauka taratibu. Ya dakika tano inakuwahi kabla hujakaa sawa. Tafuta pia udongo wa kuchezea wa watoto, tepu, kiwi ya viatu isiyo na rangi, vijiti vya pamba, na vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli.

Chonga mbao mm 2 hadi 3 chini ya risiva na kwenye sentimita 3 za kwanza za mtutu. Acha visiwa vidogo viwili vya mbao ya asili, kimoja karibu na kila skrubu, ili chuma kisizame chini ya kimo chake. Toboa vishimo vichache vya kina cha mm 3 epoksi ipate pa kung'ata. Zungushia tepu mtutu karibu na mbele ya mfereji, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukae katikati bila kucheza.

Halafu ziba. Kila tundu, kila ufa, kila pembe ya kifyatulio na sanduku la magazini lijazwe udongo na kusawazishwa kwa wembe. Watu huigandisha bunduki hapa: epoksi ikiingia kwenye tundu la pembeni la risiva ikakauka, imekuwa pini, na hakuna kiwi itakayokuokoa. Kama risiva ina jino la kuzuia msukumo, weka tepu mbele yake, pembeni na chini, acha uso wa nyuma tu. Kisha paka kiwi chuma chote kitakachokaribia epoksi, pamoja na nyuzi za skrubu. Acha ikauke, sugua, paka tena.

Changanya kwa vipimo vya mtengenezaji, kwa mizani na si kwa macho. Kwenye joto la nyuzi 30 mchanganyiko huganda upesi kuliko ilivyoandikwa kwenye kopo, kwa hiyo fanya asubuhi na uchanganye kidogo. Mimina, shusha chuma taratibu ukianzia nyuma ili hewa itoke mbele, kisha funga kwa mipira ya baiskeli. Usikaze skrubu. Ziwemo kwa kuonyesha njia tu. Ukizikaza unaigandisha ndani ya epoksi mikunjo ileile uliyotaka kuiondoa, na kazi yote ni bure. Epoksi iliyofurika ifutwe kwa pamba yenye siki ikiwa bado laini.

Subiri saa 24. Chuma kikigoma kutoka, weka bunduki kwenye friza saa mbili tatu kisha gonga mtutu juu-juu kwa nyundo ya mpira. Kikitoka, panua matundu ya skrubu: skrubu ya mm 6 ipite kwenye tundu la mm 6.5 hadi 7, isiguse ukuta popote. Kama una mashine ya kukata, huu ndio wakati wa kuingiza bomba za alumini zenye kipenyo cha nje mm 10 au 12, ndefu sawasawa na unene wa mbao kati ya risiva na chuma cha chini, ili skrubu ikaze chuma kwa chuma. Rudia jaribio la kidole. Mtutu usisogee.

Yangu ni Ruger 10/22 ya kawaida, .22 inayojipakia yenyewe, yenye pete inayofunga mtutu na mbao mbele. Ushauri wa bunduki za bolti unaifaa? (Msomaji, Minneapolis)

Nusu tu. 10/22 ina skrubu moja ya kuikaza kitakoni, mbele ya risiva, na nyuma haina kitu. Mtutu nao umeshikwa kwenye risiva ya alumini kwa kabari na skrubu mbili. Anza na pete: ilegeze, itoe, piga makundi bila pete. Mara nyingi hilo peke yake hupunguza kutangatanga, kwa sababu pete hubana mtutu kwa nguvu inayobadilika na hali ya hewa. Skrubu ya risiva iwe Nm 1.7 hadi 2.3.

Lakini usikimbilie kuuacha mtutu wote uelee bila kugusa mbao, hasa ukiweka mtutu mnene. Uzito wake wote utaning'inia kwenye ile kabari, na mbele italala. Weka epoksi chini ya sentimita 4 hadi 5 za kwanza za mtutu ibebe uzito, mbele iliyobaki ielee. Unapofungua, weka kitufe cha usalama katikati, la sivyo risiva haitoki na utaipasua mbao ukilazimisha.

Nalenga nikiwa nimelala kifudifudi, yadi 25, na mkanda mkononi. Risasi zinapanda na kushuka ingawa nikiegemeza kwenye mifuko bunduki inapiga tundu moja. (Msomaji, Leicester)

Basi epoksi haikuhusu. Kitako hakikutoshi mwili. Anza na shavu. Fumba macho, laza shavu mahali linapopenda, fungua. Ukiona mwezi mwandamo mweusi ukingoni mwa darubini, au, kwenye sati za pete (vilengeo vya duara), pete ya mbele haiko katikati ya ile ya nyuma, shingo yako inashika kazi ambayo mbao ingeishika. Kwa kila risasi shingo inachoka kivyake. Kwa darubini iliyowekwa kiwandani kwa umbali wa mbali kuliko yadi 25, jicho likihama kidogo shabaha nayo inahama.

Inua kipande cha shavu mm 2 kwa mara. Kama kitako chako hakina cha kuinuliwa, soli ya ndala iliyochongwa na kufungwa kwa tepu inafanya kazi vizuri kuliko sura yake. Hakikisha tu bolti inatoka nyuma bila kukigusa.

Urefu unafuata: kitako kwenye kikunjo cha kiwiko, nyama ya kidole cha shahada ifike kwenye kifyatulio bila kunyoosha mkono. Kikiwa kirefu, bega linasukumwa nyuma na risasi zinatambaa pembeni. Kikiwa kifupi, pua inakaribia kidole gumba. Badilisha vibao vya mm 5 nyuma ya bamba la bega.

Kisha mkanda. Andika namba ya tundu la mkanda na alama ya kizuizi cha mkono kwenye reli. Mkanda ukivutwa zaidi leo kuliko jana, mbao ya mbele inajikunja. Pitisha noti ukiwa umelala na mkanda umekaza, si bunduki ikiwa mezani. Plastiki nyepesi ndiyo mbaya zaidi: mezani mtutu unaelea, ukilala unagusa. Ziba mashimo ya ndani ya mkono wa mbele kwa epoksi na fimbo mbili za alumini.

Na ukishafyatua, baki ulivyo. Risasi ya .22 hukaa ndani ya mtutu mrefu milisekunde 2 hadi 3, na ukiinua kichwa mapema unaikuta bado iko njiani.

Kitako cha marehemu baba kimepasuka shingoni. Fundi anataka kutengeneza kipya kwa mninga. Unafaa? (Msomaji, Tabora)

Unafaa sana, mninga ukikauka hautanuki wala kusinyaa sana, na hilo ndilo tunalolitafuta. Uwe ubao uliokaushwa vizuri, nyuzi zake zikifuata mwelekeo wa shingo badala ya kuikata, maana hapo ndipo cha kwanza kilipopasukia. Fundi avae barakoa, vumbi lake linawasha. Silaha iwe imehamishiwa jina lako kisheria kabla haijatoka nyumbani, na fundi awe mwenye leseni ya silaha, si seremala tu. Seremala apelekewe kitako kilichopasuka peke yake kama kielelezo, na chuma kibaki kabatini kimefungwa.