Kabati la Mninga Lenye Matundu

Swali: Mhariri, nimenunua kabati kuukuu la mninga hapa Moshi ili lipambe sebule yangu, lakini mgongoni lina matundu madogo. Je, nilirudishe?

Jibu: Usiharakishe, ndugu msomaji. Kiini chekundu cha mninga hakiliwi kwa urahisi; wadudu hupendelea ubao mweupe wa pembeni, au ubao hafifu ambao mafundi huupigilia nyuma. Tandika karatasi nyeusi chini ya kabati kwa mwezi mmoja, na ukikuta unga laini mpya, litoe nje, upake dawa ya mbao hadi iingie matunduni, kisha uzibe na kupiga msasa. Unga usipoonekana, hayo huenda ni makovu tu, nami (nakiri udhaifu wangu) ningeyaacha yaonekane.