Kwa nini hadithi zilisubiri baridi

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini wasimulizi wa zamani wa Ireland na Uskoti waliziweka hadithi ndefu kwa majira ya baridi. Ni kwa sababu ya kazi za shamba na mifugo tu. Ikifika Samhain, sikukuu ya kuanza kwa baridi, tarehe 1 Novemba, mavuno yameshaingia ghalani, ng'ombe wameshashuka kutoka malisho ya mlimani, na usiku ni mrefu ajabu. Watu watakaa wapi kama si kando ya moto?

Mfano ninaoupenda mimi uko karibu na Glen Lyon, Uskoti. Kuna kijumba cha mawe, Tigh nam Bodach, na ndani mna mawe yaliyolainishwa na maji, yanayomwakilisha Cailleach, bibi kizee wa baridi katika hadithi, pamoja na mumewe na watoto. Kwa desturi hutolewa nje siku ya Bealtaine, mwanzoni mwa Mei, walitazame bonde, na Samhain hurudishwa ndani. Ratiba ileile ya wachungaji!

Tena wazee walisema jua likiwaka tarehe 1 Februari, bibi huyo ametoka kuokota kuni, kwa hiyo baridi bado ipo. Hali ya hewa ikiwa mbaya, amelala, na kuni zinamwishia, kwa hiyo baridi inakaribia kuisha.