Kigari cha gofu kwenye mitaa ya wastaafu: kasi, mafuta na usalama

The Villages, katikati ya Florida, ni mji wa wastaafu ambako kigari cha gofu ndicho usafiri wa kila siku: dukani, kanisani, kwa daktari, na mara mojamoja hata kwenye gofu yenyewe. Njia zake za vigari zinapita maili 100. Wasomaji walioko huko na miji ya jirani, wengi wao walezi wa wazee au watu waliowakaribisha wazazi kutoka nyumbani, wameuliza yafuatayo. Majibu yanafuata sheria za Florida. Aliye Arizona au Georgia aulizie kwanza za huko, maana kila jimbo lina zake.

Kigari cha bibi ninayemtunza hakipiti maili 19 kwa saa, na majirani wanatupita kama tumeegesha. Fundi anasema kukiongeza kasi ni kazi ya dakika kumi. Tukubali?

Kuhusu dakika kumi, fundi hakudanganya. Kigari cha petroli kina gavana, yaani kifaa cha kudhibiti kasi, kwenye giaboksi ya nyuma, nayo huubana waya wa mafuta kasi ikifika kikomo. Ukikaza nati ya springi yake, kikomo kinapanda. Cha umeme hubadilishwa namba tu kwenye kontrola ya mota. Wengine hawagusi hata hivyo, wanafunga matairi makubwa: ukifunga ya inchi 22 badala ya 18, kasi inapanda kwa zaidi ya asilimia 20.

Tatizo ni kwamba vingine vyote vinabaki vilevile. Vigari vingi vina breki za dramu kwenye magurudumu ya nyuma peke yake, tena zinavutwa kwa waya. Kwa maili 20 kwa saa (kilomita 32), mtu anayechukua sekunde moja na nusu kushtuka na kukanyaga breki ameshasogea mita 13 kabla breki haijashika. Kwa maili 30 anasogea mita 20, kisha umbali wa kusimama wenyewe unazidi mara mbili. Bibi wa miaka 80 huenda akahitaji zaidi ya hiyo sekunde moja na nusu. Kwenye kona ni hivyohivyo: nguvu inayomsukuma abiria nje haipandi kidogokidogo na kasi, inapanda kwa mraba wake, na mlango wa kumzuia haupo.

Halafu kuna sheria. Florida inakitambua kigari cha gofu kama chombo kisichoweza kuzidi maili 20 kwa saa. Angalia hilo neno "kisichoweza". Askari hahitaji kukukuta unakimbia, inatosha kwamba kigari kina uwezo huo. Kikizidi 20 mpaka 25 (kilomita 40) kinahesabiwa gari la mwendo mdogo, ambalo lazima lisajiliwe, likatiwe bima, liwe na namba ya chesisi, taa za mbele, za nyuma na za breki, indiketa, vioo vya kuangalia nyuma, kioo cha mbele, breki ya kuegeshea na mikanda, na dereva awe na leseni. Kigari kilichokazwa springi gizani hakina hata kimoja cha hivyo vya karatasi. Ni gari lisilosajiliwa, na siku ya ajali ndipo kampuni ya bima itakapolisoma hilo kwa makini.

Kama bibi anataka kasi kwa njia halali, nunueni kilichotengenezwa hivyo kiwandani, au mfunge vifaa vyote na mkipeleke kukaguliwa na kusajiliwa na jimbo. Hapo mtaruhusiwa barabara zenye kikomo kisichozidi maili 35. Mkitaka kujua kasi halisi ya mlicho nacho, pimeni kwa simu yenye GPS kwenye njia tambarare. Mita ya kwenye dashibodi haijui kama tairi zimebadilishwa. Teremko nalo halihesabiwi na gavana ya petroli: inakata mafuta tu, haifungi breki.

Petroli, betri za maji au lithiamu? Tunanunua kilichotumika.

Anzeni na urefu wa safari za siku. Mji huu ni mrefu, na kwenda na kurudi kutoka ncha moja hadi nyingine kunavuka maili 30. Kwa mtu wa safari hizo petroli haina wasiwasi: dakika tano za kujaza, umeondoka. Gharama yake ni kelele, harufu, oili ya kubadilisha, plagi, mkanda wa kuendeshea, na mtungi wa mafuta gareji. Mkijaza mtungi kwenye kituo, uwekeni chini sakafuni, si ndani ya gari, kwa sababu cheche ya umeme tuli huwasha mvuke. Msiuhifadhi karibu na hita ya maji ya gesi.

Betri za maji ni rahisi kununua na rahisi zaidi kuua. Kigari cha volti 48 mara nyingi kina betri sita za volti 8, kila moja karibu kilo 29, yaani zaidi ya kilo 170 chini ya kiti. Zinataka mambo matatu: zichajiwe kila baada ya safari hata kama ilikuwa fupi, zisishuke chini ya nusu ya chaji, na zipewe maji. Kwa joto la Florida angalieni kila mwezi. Maji ni yale ya betri, yasiyo na chumvi, kamwe si ya bomba. Ongezeni baada ya kuchaji, yafike karibu milimita 3 chini ya shingo ya ndani. Mkijaza kabla ya kuchaji, asidi itachemka na kumwagika juu, na huo ndio ule unga mweupe na wa kijani mnaouona kwenye vituo vya nyaya. Ila mkikuta sahani za ndani ya betri zimekauka, mimineni kiasi cha kuzifunika tu, chaji, kisha malizia. Gareji iwe wazi wakati wa kuchaji, kwa sababu betri hizi hutoa haidrojeni.

Mnapokagua cha kununua, kiacheni kipumzike saa kadhaa baada ya chaji, kisha pimeni kwa mita. Seti nzima ya volti 48 iliyojaa inasoma karibu 50.9. Halafu pimeni betri mojamoja. Ikiwa tano zinasoma 8.5 na ya sita 7.9, hiyo ya sita ndiyo bei mtakayojadili.

Lithiamu haihitaji maji, ni nyepesi sana, na nguvu yake haipungui taratibu kuelekea mwisho. Hapo pana mtego: ya maji hukuonya kwa kuchoka, ya lithiamu huzimwa ghafla na saketi yake ya ulinzi, pengine katikati ya makutano. Fungeni kipimo chake sahihi, na chaja ya zamani iondoeni kabisa. Kwa mzee asiyekumbuka kuongeza maji, mimi ningelipa tofauti ya bei.

Cha petroli kilikaa miezi mitano wenyewe wakiwa kaskazini. Sasa kinawaka, kinagugumia, kinazima.

Karibu kila mara ni mafuta. Petroli ya kawaida Marekani ina hadi asilimia 10 ya ethanoli, ambayo hufyonza unyevu wa hewa, na mafuta yakikaa hugeuka gundi ndani ya kabureta. Nyonya yote ya zamani, badilisha filta, weka mapya yasiyo na ethanoli. Kikiendelea, fungua kabureta usafishe jeti (vitundu vya kupitisha mafuta) kwa dawa na hewa ya kompresa, si kwa sindano inayopanua tundu.

Kabla ya hapo chungulia kitu kimoja cha senti chache. Kwenye vigari vingi vya kabureta, pampu ya mafuta huendeshwa na mpumuo wa injini unaopita kwenye kipira chembamba. Kipira kikipasuka, injini huwaka kwa mafuta yaliyobaki kwenye bakuli la kabureta, kisha huzima. Angalia na filta ya hewa, panya huipenda.

Mwaka ujao, kabla hawajaondoka, tangi lijazwe mafuta yasiyo na ethanoli pamoja na dawa ya kuyahifadhi, na injini iendeshwe dakika kumi ili yafike hadi kwenye kabureta.

Mzee ninayemlea alinyimwa leseni kwa sababu ya macho. Anasema kigari hakihitaji leseni.

Yuko sahihi kisheria, na hapo ndipo ugumu ulipo. Tangu Oktoba 2023, aliye na miaka 18 na zaidi anahitaji kitambulisho cha serikali chenye picha tu. Walio chini ya hapo ndio wanaodaiwa leseni au kibali cha mwanafunzi. Lakini macho yaliyoshindwa kuona gari hayatamwona mtoto wa baiskeli. Usibishane naye juu ya sheria, utashindwa. Panda naye mchana, njia anayoijua, umwombe asome vibao kabla hujavisoma wewe. Kama anatumia dawa za usingizi au za maumivu, mpigie mfamasia uulize kama anaweza kuendesha. Ikiwa kigari chake ni kile cha maili 25, mjadala umekwisha: leseni ni lazima.

Wajukuu wanapenda kiti cha nyuma kinachotazama nyuma.

Ndicho kiti kibaya kuliko vyote. Ukikanyaga mafuta, mwili wa mtoto unabaki, kigari kinaondoka. Asiyefikisha miguu kwenye ubao na kushika mpini kwa mikono miwili asikae huko. Mbele, abiria wa kulia huchomoka dereva anapokata kushoto ghafla. Fungeni mikanda ya kiuno, hata kama sheria haiwalazimishi, na punguzeni mwendo kabla ya kona, si ndani yake.

Baba amekuja kutoka Dar, dereva wa miaka arobaini. Nimwachie?

Mfanyishe kwanza mazoezi ya kuendesha upande wa kulia. Kipilefti za huku huzungukwa kinyume na mwendo wa saa, na anayepishwa ni anayetokea kushoto. Mazoea yake yatamgeuza shingo upande usio na magari. Kigari kitembee tu kwenye barabara zilizoruhusiwa na kaunti au mji, na usiku kiwe na taa, indiketa na kioo cha mbele, tena pale panaporuhusiwa. Kukiendesha ukiwa umelewa ni kosa lilelile kama kwenye gari.

Na mwenye kigari ni wewe. Mahakama ya Juu ya Florida iliamua mwaka 1984 kwamba kigari cha gofu ni chombo cha hatari, kwa hiyo mmiliki anawajibika kwa madhara ya aliyemwazima. Bima yake jimbo halikulazimishi. Ile ya nyumba mara nyingi haifuati kigari nje ya uwanja wako, basi piga simu uulize kabla hujampa ufunguo.