Baba alikuwa mlevi, mimi silewi upesi: je, nimenusurika?

Shangazi, shikamoo. Baba yangu alikufa kwa pombe, na babu naye iliwahi kumtesa. Nina miaka 27. Nakunywa mwisho wa wiki tu, na kila mara mimi ndiye ninayebaki na akili zangu, nawasindikiza wenzangu mmoja mmoja mpaka makwao. Mchumba wangu anasema ulevi uko kwenye damu yetu, anaogopa kuzaa nami. Kweli ulevi unarithiwa? Na mimi nisiyelewa, si nimenusurika? – Mtoto wa Mlevi

Marahaba, mwanangu. Nianzie mwisho wa barua yako, maana hapo ndipo uliponishtua.

Hata mimi nilikuwa na kichwa kigumu. Siku ya harusi ya dada yangu niliwashinda wanaume wawili kunywa, kisha nikaenda kuosha vyombo nisivunje hata kikombe. Nilijisifia jambo hilo miaka na miaka! Baadaye ndipo nikasoma kuhusu Marc Schuckit, mtafiti wa Marekani aliyewafuatilia kwa muda mrefu vijana wa kiume, wakiwemo waliozaliwa na baba walevi. Wale ambao pombe ilichelewa kuwashika ndio walioelekea zaidi kuwa walevi baadaye. Ukifikiri, inaeleweka. Mwenzako akifika glasi ya tatu mwili unamwambia basi. Wako umenyamaza, kwa hiyo unaongeza, na ubongo nao unazoea. Kwa hiyo katika kundi lenu, mimi namhofia huyo msindikizaji.

Kuhusu damu, mchumba wako hajakosea sana. Tafiti za mapacha na za watoto waliolelewa nje ya familia zao zinaonyesha kuwa karibu nusu ya hatari inatokana na vinasaba. Mwaka 1973 Donald Goodwin na wenzake walichapisha utafiti wa Denmark kuhusu wana wa walevi waliochukuliwa na familia nyingine wakiwa vichanga. Ulevi uliwapata karibu mara 4 zaidi ya watoto wengine wa kulelewa ambao wazazi wao wa damu hawakujulikana kuwa walevi. Lakini mwambie na hili: wengi wao hawakuwa walevi. Kwetu tulizaliwa watano, tukazama wawili, mimi na kaka. Kaka tulimzika.

Mimi nina miaka 11 sijaonja. Nilipofikia kuzimua kabla sijapiga mswaki, mikono ikitetemeka hadi ufunguo unakataa kuingia tunduni, niliacha kwa ubishi, peke yangu, na siku ya pili nikaanguka degedege. Anayekunywa kila siku asiige ujinga wangu. Aachie mikononi mwa daktari. Kilichonibakiza ni kikundi cha watu kumi na kitu, kila Alhamisi, kwa mtindo ule wa walevi wawili waliokutana Akron, Marekani, mwaka 1935 wakagundua kuwa mlevi humsikiliza mlevi mwenzake. Misiba hainipi shida, mwanangu. Furaha ndiyo inayonitafuta: mtu kafaulu, mtu kaoa, na mkono wangu unajua pa kwenda. Hadi leo kwenye sherehe glasi yangu ya maji siiweki chini.

Wewe jaribu hivi: kaa miezi mitatu bila hata tone, na mchumba wako ajue tarehe uliyoanza. Ukijikuta unahesabu siku zilizobaki, niandikie kabla hazijaisha.