Maswali ya Wasomaji: Hela ya asilimia 10 ni ya nani hasa?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi nauza chapati na maharage huku mkoani Morogoro, tuko wanawake 7 tuna kikoba chetu mwaka wa pili sasa na hatujawahi kugombania hata mia. Shida yetu mtaji. Mwaka jana nilibanwa nikachukua mkopo wa kausha damu, laki moja na nusu, basi kila jioni anakuja kijana na daftari lake anasimama pale pale jikoni nampa 7,000, niwe nimeuza nisiwe nimeuza, siku ya mvua natoa kwenye hela ya unga. Hivyo hivyo mpaka mwezi ukaisha. Sasa nasikia halmashauri inatoa mikopo haina riba, nikaenda kuulizia nikakutana na mtu akaniambia hizo ni za watu wanaojulikana, labda tutoe kidogo ya kusukuma faili. Ni kweli dada? Au ni ya wenye chama tu? (Mama wa chapati)

JIBU: Dada yangu pole sana. Hiyo 7,000 yako imenikaa kichwani tangu nisome ujumbe, maana siku 30 ni 210,000, yani ulikopa 150,000 ukampa mtu elfu 60 juu kwa mwezi mmoja, hela ya mifuko ya unga kabisa hiyo, na wewe ndo ulikuwa umesimama kwenye moto sio yeye. Alafu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, kwa hiyo siku nyingine akija wa daftari muulize leseni yake iko wapi kabla hujashika hela yake.

Sasa twende kwenye swali. Sio kweli. Hiyo mikopo ya halmashauri ndo inaitwa hela ya asilimia 10, na sio ya wanaojulikana, sheria haijataja chama popote. Zamani kweli ilikuwa maelekezo tu, halmashauri inaambiwa itenge kwa ajili ya wanawake na vijana, ikitaka inatenga isipotaka inasema mwaka huu makusanyo mabaya, na hakuna wa kuibana. Mwaka 2018 ndo ikaingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A, kwamba kila halmashauri itoe asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na bila riba. Kwa hesabu nyepesi, halmashauri ikiwa na mapato ya ndani ya bilioni 2 basi milioni 80 ni ya wanawake. Ushuru unaolipa pale sokoni umo humo humo, kwa hiyo mtu akikwambia ni hisani ya fulani usimwitikie.

Ila nisikudanganye, safari yake sio fupi. Aprili 2023 serikali iliisimamisha hii mikopo nchi nzima baada ya hoja za CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, vikundi hewa vimejaa, watu wamechukua na hawarudishi, vingine ukienda kutafuta hata mtaa haupo. Ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya, na kuna halmashauri 10 za kuanzia ambazo zilipangiwa kupitisha hela benki. Walioumia kwenye kusimama kule ni vikundi vya kweli kama chenu, vile vya hewa vilishakula vikasepa.

Nyie mko 7 na kinachotakiwa ni watano, hapo mmevuka. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, nendeni wote sio mwenyekiti peke yake, mbebe namba za NIDA, katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao mlichokubaliana kukopa, na akaunti ya benki yenye jina la kikundi. Alafu bebeni daftari la kikoba. Mama yangu mzazi alikuwa mhazini wa kikundi, sanduku lao lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, na siku walipoenda kuomba hela kilichowabeba ni lile daftari, limechakaa limeloa mafuta lakini kila wiki imeandikwa nani kaleta hisa nani hajaleta. Andiko zuri la mradi mtu anaweza kulinunua steshenari, daftari la miaka miwili halinunuliki.

Na huyo wa kusukuma faili, hiyo ni rushwa, wapigieni TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, namba 113, simu ni bure. Msitoe, maana mkitoa mnaanza mradi na deni la pili.

Kitu kimoja kinaniuma kwenye huu mpango na nitakisema. Asilimia 10 ya jiji linalokusanya mabilioni ni hela nyingi, asilimia 10 ya wilaya ya pembeni isiyo na soko wala kiwanda ni kidogo mno, kwa hiyo mwanamke wa kule kwenye umaskini zaidi ndo anakuta mfuko mdogo zaidi. Hapo serikali kuu ingetakiwa ijazie.

SWALI: Shikamoo dada. Bibi yangu yuko Pangani ana miaka 76, mdogo wake yuko Unguja anapokea pensheni elfu 50 kila mwezi na hakuwahi kuajiriwa. Bibi ananiuliza nchi si moja? Nimekosa jibu. (Mjukuu, Tanga)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nchi ni moja lakini ustawi wa jamii sio jambo la Muungano. Zanzibar walianza Pensheni Jamii Aprili 2016, kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, haulizwi alifanya kazi wapi, ilianza elfu 20 ikapanda mpaka hiyo 50. Kenya nao wana Inua Jamii, shilingi 2,000 zao kwa mwezi, na toka 2018 ikafunguliwa kwa wazee wa 70 na kuendelea wasio na pensheni nyingine. Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee toka 2003 lakini pensheni ya wazee wote hatuna, mzee anafikiwa na TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kama kaya yake imeonekana maskini, na majina yanaanzia kwenye mkutano wa kijiji. Kwa hiyo likitangazwa zoezi la kutambua kaya mbebe bibi aende mwenyewe aonekane. Na ulizia kitambulisho cha matibabu bure, kipo kwa wazee wa 60 na kuendelea wasiojiweza.

Na mwambie swali lake ni la haki. Mbunge akifika hapo kijijini mkalishe bibi mbele, aulize vile vile alivyokuuliza wewe.