Daftari la kazi la kila siku: kwa aliyeanza kazi juzi

Kama ndiyo kwanza umeanza kazi, fungua faili moja la maandishi matupu leo hii, liite kazi.txt, uanze kuandika humo unachofanya. Usihangaike kutafuta programu. Notepad ya Windows inatosha, tena ina kitu ambacho wengi hawakijui: andika .LOG kwa herufi kubwa kwenye mstari wa kwanza kabisa, hifadhi, funga. Kuanzia hapo, kila ukilifungua faili hilo litajiwekea saa na tarehe chini kabisa, wewe unaendelea kuandika tu. Ukiwa katikati ya kazi, bonyeza F5, saa na tarehe zinakaa palepale ulipo.

Watumiaji wa Emacs, programu ya kuhariri maandishi, wana Org mode, nyongeza yake ya kupangia kazi na kumbukumbu, iliyoanzishwa na Carsten Dominik mwaka 2003, ambayo hata hukupimia muda uliotumia kwenye kila kazi. Naipenda sana, ila inataka kujifunzwa, na mgeni kazini ana mengine ya kujifunza kwanza. Anza na faili la maandishi matupu. Linafunguka kwenye kompyuta yoyote, na siku ukitaka kuhamia programu nyingine unahama nalo lilivyo.

Kubwa zaidi ni unachoandika. "Nimeshughulikia tatizo la ripoti" ni mstari usiomsaidia mtu. Baada ya miezi mitatu hata wewe hutajua ulimaanisha nini. Linganisha na huu:

2025-03-11 10:40. Mhasibu hawezi kufungua folda ya ripoti, kosa 0x80070005. Nimewasha upya kompyuta yake, haikusaidia. Chanzo: folda ilihamishiwa diski nyingine jana, ruhusa zake hazikuhamia nayo. Nimempa ruhusa ya kusoma. Ya kuandika bado, msimamizi anataka aidhinishe mwenyewe.

Namba ya kosa imenakiliwa kama ilivyo, kwa hiyo likijirudia unabonyeza Ctrl+F ya kutafutia, unaibandika, na jibu liko mbele yako. Kilichojaribiwa kikashindikana kimeandikwa pia, na hicho ndicho watu hukiacha, ilhali ndicho kinachokuokoa usirudie njia ileile. Halafu tazama sentensi ya mwisho. Akija mtu kuuliza mbona mhasibu hawezi kuhariri, huna haja ya kukisia: uamuzi upo, sababu ipo, na aliyeuamua anajulikana. Mimi naamini sababu ya uamuzi ina thamani kuliko kila kitu kingine humo, kwa kuwa matokeo ya kazi yanaonekana kwenye mfumo, lakini sababu haionekani popote.

Tarehe ianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Ukija kuwa na faili la kila mwezi, anza jina lake kwa mpangilio huohuo, na mafaili yatajipanga yenyewe kwa mfuatano.

Andika jambo likiwa bado la moto. Anayesema ataandika jioni huandika anachokumbuka, na jioni mtu hukumbuka kikao kirefu tu, si ile dakika aliyobadilisha mpangilio wa seva. Jioni andika mstari mmoja: kesho naanzia wapi. Uwe wa kitendo hasa, mfano "kumpigia msimamizi kuhusu ruhusa ya kuandika", ili asubuhi ukikaa tu ujue mkono unaanzia wapi. Zikipita siku hujaandika, usijaribu kuzijaza kwa kubahatisha. Weka tarehe ya leo, endelea.

Nywila usiiandike humo hata mara moja, wala taarifa binafsi za wateja. Faili la maandishi matupu halina kufuli. Yeyote anayelifungua anasoma kila kitu. Andika nywila inahifadhiwa wapi na nani wa kuombwa, basi. Na uliza mapema mahali kazini kwako wanaporuhusu faili kama hilo likae, pawe panapofanyiwa nakala rudufu, si kwenye kompyuta yako peke yake.