Kioo kung'aa siyo kuisha, kipime kwanza kabla hujakituma

Juzi mdogo wangu mmoja kaniandikia, "Kaka, kioo changu cha darubini, inchi 6, nimesugua masaa 4 na sura yangu naiona kabisa, nikitume kikapakwe alumini?" Nikamjibu hapohapo USITUME, maana hapo ndipo nilipoumia mimi.

Changu nilikisaga jioni baada ya kazi, kuanzia unga mnene wa kusagia namba 80 mpaka ule laini wa maikroni 5, halafu nikaking'arisha kwa lami na seriamu oksaidi, ule unga wa kung'arishia. Nikafanya jaribio la Foucault, lile la kukagua umbo la kioo, umbo safi, nikalipia kukisafirisha Ulaya kikapakwe alumini. Kikarudi na duara la kijivu ukingoni, upana wa kidole, na nikiangalia Mwezi naona ukungu umeuzunguka. Ile siku nafungua boksi mpaka leo inaniuma jamani. Nikaitoa alumini yote, nikasugua tena masaa 7.

Foucault inakuonyesha umbo, haikuonyeshi vishimo vilivyobaki toka kwenye kusaga, na mara nyingi katikati panawahi kung'aa, ukingo unabaki nyuma.

Sasa nafanya hivi. Futa kioo kwa spiriti, vumbi na mafuta ya vidole yanadanganya. Zima taa, chukua leza ndogo ya walimu, ipige mshazari kwenye uso, na macho yako yasikae njia ya mwanga unaorudi. Utaona doa pale mwanga unapoingia na jingine nyuma unapotokea. Kama pameisha, doa la juu unalitafuta hulioni. Sogeza polepole kwenda ukingoni, mimi langu lilikuwa limepotea kabisa, kufika kama sentimita 1 toka mwisho likawaka jekundu, nikajua bado.

Kisha lenzi ya fundi saa. Weka nukta ya maka peni juu ya kioo, ilenge mpaka uione vizuri, ndipo usogee pembeni yake ukitafuta vishimo. Kishimo kikiwa kikubwa, cha unga mnene, usijichoshe na seriamu, rudi kusaga.

Ndugu zangu, haraka ndiyo inatuponza, wote tunataka kuziona pete za Zohali wikiendi hii hii, lakini ukingo uliouruka utauona kila usiku utakaotoa darubini nje. Pima ukingo, pima tena kesho yake ukiwa hujachoka.

Mdogo wangu kapima jana usiku, ukingo bado unawaka. Amerudi kwenye lami.